Nagona, Mzingile na riwaya nyingine za kinjozi: mnazisomaje bila kupotea njiani?

Tengo

Wakuu, salaam.

Kundi letu la kusoma lina watu saba. Tumezimaliza riwaya za Kezilahabi za mwanzo: Rosa Mistika, Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo. Mle mtu ana jina, kijiji kinajulikana kilipo, na kosa la mwanzoni linalipwa mwishoni. Sasa tumeingia Nagona ya mwaka 1990, na kila mmoja anarudi kikaoni na kitabu chake mwenyewe kichwani. Msimulizi hana jina. Mji umekufa. Paa anaonekana, anatoweka. Wanafalsafa wa Ulaya wanajitokeza kana kwamba ni wenyeji wa pale.

Naomba majibu ya vitendo, si "someni kwa makini":

1. Kuna utaratibu wa kusoma riwaya ya namna hii, hatua kwa hatua?
2. Huyo paa ni nini hasa? Ukweli? Mungu? Uhuru?
3. Mzingile, riwaya yake iliyokuja baada ya Nagona, tuisome papo hapo, au tupitie vitabu vingine kwanza?

---

Mkutubi Mstaafu

Ndugu Tengo, wengi wanaokwama kwenye Nagona wanaisoma kwa lile jedwali la mtihani: dhamira, migogoro, wahusika, mandhari, ujumbe. Jedwali hilo linafaa riwaya ya kihalisia. Linadai mhusika mkuu mwenye sifa zake, mandhari yenye jina na ujumbe unaoandikika kwa mstari mmoja. Ukilileta hapa, nusu ya visanduku vinabaki vitupu, na msomaji anaanza kuvijaza kwa kubuni. Ndipo watu saba wanapopata vitabu saba.

Fanyeni hivi.

Msomo wa kwanza uwe wa vikao viwili tu, bila kusimama. Kitabu hakifiki kurasa mia, kinawezekana. Shika penseli, lakini kazi yake iwe moja: weka nukta pembeni kila msimulizi anapohama mahali bila mlango, bila njia, bila kuambiwa muda uliopita. Usiandike maana yoyote. Nukta hizo ndizo viungo vya kitabu. Katika riwaya ya kihalisia tukio huzaa tukio. Hapa picha huzaa picha, na unapoona mrukio ujue picha mpya imeshika zamu.

Msomo wa pili, daftari. Gawa ukurasa safu nne: sauti (nani anasema sasa), mahali, kilichobadilika umbo, na kinachorudi. Safu ya nne ndiyo yenye faida kubwa. Chagueni vitu visivyozidi sita na kuvifuata toka mwanzo hadi mwisho. Kwa Nagona ningeanza na paa, ukimya, vitabu, mwanga, duara na ngoma. Mkifuata vitu ishirini hamtaona kitu.

Kisha kila sura iandikiwe sentensi moja ya tukio tupu. "Msimulizi anaingia mji usio na watu." "Msimulizi anamfuata paa, hampati." Atakayeandika "Msimulizi anaonyesha ukoloni mamboleo" arudishiwe karatasi yake. Kosa la kawaida kuliko yote kwenye vitabu hivi ni kuruka tukio ili kuwahi maana, na ukiruka tukio hapa umeruka kila kitu, kwa sababu hakuna msuko mwingine wa matukio wa kukuokoa.

Swali la paa nawaachia wajuzi wa hekaya.

---

Bint Shangani

Mwalimu Mkutubi amesema kweli. Naongeza upande wa hekaya, kwa kuwa wengi wanadhani njozi ilitufikia na vitabu vya Amerika ya Kilatini.

Chukueni hekaya ya Sultani Darai, iliyomo kwenye mkusanyo wa hekaya za Unguja aliouchapisha Edward Steere mwaka 1870. Maskini anayepekua jaani kutafuta punje za mtama anaokota thumuni, ananunua paa. Paa anasema. Paa anaokota almasi, anakwenda kwa sultani, anamposea bwana wake binti wa mfalme, anampatia jumba na mali. Paa anapougua, yule bwana anamdharau mpaka anakufa. Na mwisho wake ndio wa kuutazama sana: mke anaota yuko kwao, anaamka na kweli yuko kwao, mume anaota yuko jaani, anaamka yuko jaani anapekua. Hakuna maelezo. Msimulizi haombi radhi wala hasemi "ilikuwa ndoto tu". Njozi yenyewe ndiyo hukumu.

Sasa mrudi kwa paa wa Nagona mtazame tofauti. Paa wa hekaya anasema, anatumikia, anashikika, bei yake inajulikana. Paa wa Kezilahabi hashikiki na hatumikii mtu. Msomaji aliyelelewa na hekaya anapomwona paa anategemea msaada, na kitabu kinamnyima. Kwa maoni yangu hapo ndipo nguvu ya kitabu ilipo. Ukiandika pembeni "paa = ukweli" umemfunga kamba mnyama ambaye kazi yake ni kukimbia. Sura inayofuata itaivunja hiyo alama ya sawasawa, utabadilisha, utaandika "paa = Mungu", nayo itavunjika. Badala ya kuuliza paa ni nini, kundi liulize: paa anafanya nini hapa, na msimulizi anabadilika vipi baada ya kumwona? Swali hilo lina jibu kwenye ukurasa.

Jambo jingine: tofautisheni fumbo na njozi. Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) ni nchi iliyo hewani, lakini ni fumbo. Ukishajua kwamba Karama anawatetea wajumbe sita waliotumwa pande nne, mbinguni na ardhini, na kwamba Majivuno ni mtesi aliye madarakani, unaweza kuifasiri nchi nzima ukawa na ramani ya utawala wowote unaoogopa mawazo mapya. Majina yenyewe yanakupa ufunguo. Adili na Nduguze (1952) ina majini na ndugu waliogeuzwa manyani, lakini nayo ina mizani: wema hapa, husuda pale. Nagona haina ufunguo wa majina. Mkiitafutia ufunguo wa aina hiyo mtapoteza wiki tatu.

---

Mhariri Mchovu

Kidokezo kimoja cha lugha, nimeona hakitajwi kwenye nyuzi za namna hii.

Kwenye riwaya za kinjozi za Kiswahili tazameni upatanisho wa ngeli. Kiswahili kinamlazimisha mwandishi kuamua: jiwe *likasema* au jiwe *akasema*? Mwandishi akiandika "likasema", jiwe limebaki jiwe na ajabu iko kwenye kitendo. Akiandika "akasema", jiwe limekwisha kuwa kiumbe. Mti, upepo, mlima, kivuli, hali ni ile ile. Mkiona ngeli imehama katikati ya aya, hapo umbo limebadilika hata kama mwandishi hakusema "akageuka". Wakati mwingine ni kosa la chapa, kwa hiyo tazameni mara ya pili na ya tatu kitu hicho kinapotokea. Mwandishi makini harudii kosa mahali pale pale.

La pili ni -ka-. Masimulizi yetu yanatembea kwa -ka-: akaenda, akafika, akaona. Mnyororo huo unasema muda unakwenda mbele. Pale mwandishi anapouacha ghafla na kuingia kwenye -na- au hu-, muda umesimama: ama tumeingia kwenye maono, ama kwenye jambo linalojirudia milele. Chukueni kurasa tano, pigieni mstari vitenzi peke yake. Kazi ya nusu saa.

La tatu, someni kwa sauti. Kezilahabi ni mshairi wa Kichomi (1974) na Karibu Ndani (1988), na ni miongoni mwa waliowasha ugomvi mkubwa wa mashairi yasiyo na vina na mizani. Sentensi zake kwenye Nagona ni fupi na zinapumua kama mishororo. Macho yanaziruka, sikio haliziruki. Anayesoma kimyakimya kwa kasi ya gazeti ndiye atakayelalamika kwamba "hakuna kinachotokea".

---

Mwanagenzi wa Kilifi

Kuhusu swali la tatu. Sisi wa upande wa Kenya tungeanzia kwingine kabisa, ndugu Tengo. Kuanza njozi na Nagona ni kujitesa.

Ngazi ya kwanza: Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Dzombo amehukumiwa kufa, na hukumu yenyewe ni kutiwa kwenye chombo cha angani ambacho anatarajiwa ashindwe kukiendesha. Anakimudu, anafika sayari yenye jamii isiyo na wakubwa na wadogo. Ni fumbo zaidi kuliko njozi (Bint Shangani atakubali), msuko wa matukio unakwenda mbele moja kwa moja, na msomaji anazoea kuishi kwenye ulimwengu usiokuwepo bila kuogopa.

Ngazi ya pili: Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001). Hapa mhusika mkuu anaitwa K tu, mkubwa aliyenona kwa madaraka, na babu yake aliyekufa anamjia na kumtembeza aone aliyoyakwepa. Ulimwengu ni huu huu wetu wa ofisi na magari, ila mfu anatembea ndani yake. Huu ndio uhalisia wa kimazingaombwe kwa maana halisi: ajabu inaingia mlangoni na maisha yanaendelea. Zoezi lake ni dogo: kila babu anapotokea, andikeni K alikuwa anakwepa nini dakika ile.

Ngazi ya tatu: Bina-Adamu! ya Wamitila (2002). Safari ya kumtafuta P.P., yaani Peter Pan, kupitia kijiji cha utandawazi, na sauti ya Hanna ikiongoza. Hii imejaa vipande vya vitabu vingine, hadithi za watoto, historia ya vita, siasa za dunia. Kinachoharibika hapa ni msomaji kutaka kutambua kila rejeleo. Wekeni kikomo: marejeleo mawili kwa sura, mengine yapiteni. Mkishamjua Peter Pan kama mtoto asiyekubali kukua, mnalo la kutosha kuanzia.

Ndipo Nagona, halafu Mzingile (1991).

Ziraili na Zirani ya Mkufya (1999) ni nzuri sana lakini iwekeni kando kwa sasa. Ni ngumu kwa namna tofauti: inabishana na imani waziwazi, na kundi la watu saba litageuka baraza la dini kabla ya kufika katikati.

---

Bint Shangani

Walenisi nakubali ni fumbo. Ila Babu Alipofufuka kuiita ngazi tu ni kuipunja. Mzimu wa babu si kitu kigeni kwa msomaji wa pwani wala wa bara. Wafu kuwa na neno katika mambo ya walio hai ni jambo linaloishi majumbani. Msomaji wa Ulaya ataiita ajabu. Msomaji wetu anaweza kuiona kama kanuni ya kawaida iliyokiukwa na K, aliyekata undugu. Kundi liulizane mapema: kipi kwetu ni ajabu ndani ya kitabu hiki, na kipi si ajabu? Majibu yatatofautiana kati ya mtu na mtu, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza kunoga.

---

Kobe

Naomba kupinga kidogo hoja ya kupita marejeleo. Kwa Wamitila sawa. Kwa Nagona mkiwapita wanafalsafa mmepoteza uti wa mgongo. Lakini pia msikimbilie kusoma wasifu wao mitandaoni, mtajaa tarehe za kuzaliwa. Kila mmoja anahitaji wazo moja tu:

Socrates: kuuliza mpaka mwenye kujua agundue hajui, mji wake ukamhukumu kunywa sumu mwaka 399 KK. Plato: tunaviona vivuli ukutani tukidhani ni vitu. Darwin, 1859: viumbe vimebadilika kwa mchujo wa mazingira. Marx: historia inasukumwa na mgongano wa matabaka. Nietzsche, 1882: Mungu amekufa na sisi ndio tuliomuua. Freud, 1900: ndoto ina lugha, na mwenye kuota haijui.

Basi. Mkiwa na sentensi hizo mezani, someni pale wanapotokea mkijiuliza: mwandishi amewaweka wapi, kwenye uhai au kwenye magofu? Kezilahabi alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1985 kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Aliwajua watu hawa vizuri, na hakuwaleta kama mapambo wala kama walimu. Nionavyo mimi, amewaleta ili tuone mtu anavyoweza kuwa na maktaba nzima na bado akawa hajui njia ya kutokea.

Nietzsche ndiye msimwache kabisa, kwa sababu Mzingile haisomeki bila yeye.

---

Tengo

Asanteni sana, dada Bint Shangani na wakuu wote. Kobe, fafanua hapo pa Mzingile. Na swali la nyongeza: kikao kimoja kinatosha kitabu kizima?

---

Kobe

Mzingile inaendeleza safari ya Nagona. Kuna mzee, Kakulu, na kuzaliwa kwake kunasimuliwa kwa ajabu za mashujaa wa simulizi za kale. Linganisheni na Mwindo, shujaa wa utendi wa Wanyanga wa mashariki ya Kongo, anayezaliwa akiwa tayari anasema na kutembea. Katika utendi, kuzaliwa kwa namna hiyo ni ahadi: huyu atashinda. Kwa Kezilahabi ahadi ile ile anapewa mzee aliyejitenga na dunia, na dunia yenyewe imekwisha kuangamia. Hapo Nietzsche anaingia: mkombozi amekufa, na wa kupelekewa habari hiyo ni nani, na ataifanyia nini? Kama wazo la Nagona la mkombozi wa pili limewapita, mtaisoma Mzingile kama hadithi ya mwisho wa dunia tu. Kwa hiyo isifuate papo hapo. Malizeni kwanza zile safu nne za Mkutubi kwa Nagona, hasa sura ya Ngoma Kuu, ndipo mfungue Mzingile mkiwa na daftari lile lile. Vile vitu sita endeleeni kuvifuata. Vingine vinarudi vimegeuka.

---

Mkutubi Mstaafu

Kikao kimoja hakitoshi. Ratiba inayofanya kazi kwa watu saba ni vikao vinne.

Kikao cha kwanza, dakika 90: someni kwa sauti sura ya kwanza yote, kila mtu ukurasa mmoja mmoja kwa zamu. Hakuna mjadala wa maana. Mwisho wa kikao kila mtu ataje picha moja iliyomkaa.

Cha pili: leteni zile sentensi za tukio tupu, zibandikwe mezani kwa mpangilio wa sura. Zinapopingana, fungueni ukurasa. Mara nyingi mtagundua wawili wameota tukio ambalo halimo.

Cha tatu: mgawane vile vitu sita, kila mtu kimoja, na wa saba achukue vitenzi vya Mhariri. Kila mmoja asome kwa sauti mahali vinapotokea kwa mfuatano, bila kufafanua. Mkisikia mahali pote paa anapotokea pakisomwa kwa mfululizo, lile swali lako la pili litabadilika sura lenyewe.

Cha nne ndicho cha maana na ubishi. Kanuni moja tu: anayetoa fasiri ataje ukurasa unaoiunga mkono na ukurasa unaoisumbua. Fasiri isiyosumbuliwa na ukurasa wowote kwenye kitabu kama hiki ni dalili kwamba mtu amesoma sehemu tu.

Msiweke zaidi ya siku kumi kati ya kikao na kikao. Picha zikipoa mnaanza upya.

---

Mhariri Mchovu

Na kama kuna wanakundi waliokwisha kukata tamaa, wapeni Alisi kwanza, ile hadithi ya Lewis Carroll (Alice in Wonderland). Ile tafsiri ya 1940 inaitwa Elisi Katika Nchi ya Ajabu. Ya Ida Hadjivayanis, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, ilitoka 2015. Ni njozi ya kuchekesha yenye sheria kali: ukila hiki unarefuka, ukinywa kile unafupika, na Alisi anazigundua sheria kwa kujaribu. Wapeni zoezi la kuorodhesha sheria za sura tatu za kwanza. Wakizoea kuuliza "sheria ya hapa ni ipi?" badala ya "hii inamaanisha nini?", wamekwisha pata nusu ya kazi.

Halafu jamani, Nagona ina mzaha ndani yake. Wanafalsafa wote hao kwenye mji uliokufa, na hakuna hata mmoja wa kumwelekeza mgeni njia! Mkicheka hapo hamjakosea.

---

Tengo

Nimechapa majibu yote, yanakwenda kikaoni Jumamosi. Tunarudi nyuma hadi sura ya kwanza, kwa sauti, bila kalamu. Walenisi nimeipata nakala mbili, zitazunguka kati ya kikao na kikao. Mwenye kujua pa kupata Mzingile anijulishe hapa hapa. Tunayo nakala moja tu kwa watu saba.